Sahani ya Bi Mardhiya

Katika karakana ya mashua za faiba pale Wiyoni kisiwani, hakuna boliti inayofungwa kabla ya kupita mkononi mwa Bramwel. Huigusisha sumaku, kisha huilaza katika beseni la maji ya chumvi hadi asubuhi. Ikinata au ikishika kutu, hurudi dukani. Wenye maduka hawampendi, na nani ampende mtu ambaye kazi yake ni kukataa? "Mchagua nazi hupata koroma!" humrushia akipita, na maongezi huishia hapo. Ametoka Kakamega, kisiwani hana ndugu, na jioni zake ni ndefu mno.

Ramadhani tu ndiyo humpatia mtu. Jirani yake, Bi Mardhiya, humpelekea sahani ya futari, ingawa yeye ni Mkristo. Naye hairudishi tupu. Huitilia machungwa au sukari, kama alivyoona wenyeji wakifanya.

Mwaka huu zikaletwa boliti za kufungia injini ya mashua ya abiria wa kwenda Kiwayu, na mletaji ni Hussam, mwana wa Bi Mardhiya. Kulipokucha, maji ya beseni yalikuwa mekundu kwa kutu. Bramwel alitamani kufumba macho. Lakini injini ikichomoka baharini, abiria watashika nini? Akazikataa zote. Hussam akazibeba, akaondoka.

Aibu ikamla Bramwel. Bi Mardhiya hatataka kumwona tena, aliwaza, na kumpelekea machungwa siku hiyo ni kama kumhonga mama wa watu. Akaiosha sahani ya Bi Mardhiya, akaiweka tupu barazani kwa mama huyo, akaondoka mbio kama mwizi. Jioni ile hapakuja kitu. Alikula ugali peke yake, akaamini alikisia sawa.

Kesho yake Hussam alileta boliti nyingine.

"Nisamehe kwa zile za jana," Bramwel alisema.

"Zile ni biashara, Bwana Bramwel. Hata mimi walioniuzia walinipunja. Lakini yeo tangu kuche mamangu hana raha. Jana alipotoka kukuletea tambi, aliikuta sahani tupu barazani. Ataka kujua amekukosea nini."

Kumbe! Mtu anayengoja beseni usiku kucha alishindwa kumngoja jirani hadi magharibi. Ilimuuma vibaya.

Jioni alinunua machungwa. Nyumbani alikuwa na sahani moja tu, ile ya kulia chakula chake. Akaiosha, akayapanga, akapiga hodi kabla ya adhana. Bi Mardhiya aliipokea, akaitazama, akaona si yake, kisha akamtazama Bramwel.

"Na sahani yako ya kulia i wapi, mwanangu?"

"Ndiyo hiyo, Bi."