Jumapili Rehema Alipopigana kwa Ngoma

Sisi tuliokulia mtaa wa Biryogo kabla kila mtoto hajapata simu yake, gemu tulicheza kwa pamoja, tumebanana hadi jasho la jirani linakulowesha bega. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya mkahawa wa Mama Zuberi. Mbele aliuza sambusa na chai ya tangawizi. Nyuma aliweka televisheni nzito yenye kisogo kirefu na spika kubwa za harusini zilizotikisa mabati. Ukitoka humo nguo zinanuka mafuta ya kukaangia, na mama nyumbani hahitaji kukuuliza ulikuwa wapi.

Gemu za mpira zilikuwepo, za magari pia, ila tuliyoipenda ilikuwa moja. Shujaa mwenye mkuki anakimbia juu ya daraja, maadui wanamjia kwa mdundo wa ngoma, nawe umpige kila mmoja pale pale ngoma inapolia. Ukiwahi, umekufa. Ukichelewa, umekufa. Kwenye gemu nyingine za vita ungeweza kubonyezabonyeza ovyo kama mtu anayefukuza nzi, na ukashinda. Hii haikudanganyika. Mwanzo unasikia muziki masikioni, halafu kifuani, halafu hujui tena kama vidole vinafuata ngoma au ngoma inafuata vidole. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, na raha ya namna ile sijaipata mahali pengi.

Bingwa wetu alikuwa dada yangu Rehema, msichana mkimya ambaye shuleni walimu walisahau hata jina lake. Akishika padi ya kuchezea gemu, wavulana wakubwa walimpisha.

Papa, baba yetu, hakutaka kusikia habari hizo. Alikuwa dereva wa lori, amekulia ukimbizini Burundi, na vita havikuwa mchezo kwake. "Anayepigana hachezi ngoma," alituambia, "na anayecheza ngoma asipigane." Tulikuwa tunakwenda kwa Mama Zuberi akiwa safarini tu.

Jumapili moja mchana alikuja Fidele kutoka Gahanga, kijana mwenye ndevu tayari, aliyesifika kwamba hajashindwa popote. Alipoambiwa atacheza na Rehema, alicheka.

"Mimi nicheze na kasichana? Sawa. Lakini nikimushinda, wasichana wasiguse tena hii padi. Wabaki huko mbele, wapike sambusa."

Wavulana wakashangilia. Hata wa mtaani kwetu, ambao jana tu walikuwa wakimwomba Rehema awafundishe. Mama Zuberi alifungua mdomo, kisha akawaangalia wateja wake waliokuwa wakipiga kelele, akarudi kwenye sambusa zake. Rehema alikaa tu kwenye benchi, akapangusa viganja kwenye sketi.

Fidele alianza. Alifika mbali, mbali kuliko yeyote tuliyemwona, akafia karibu kabisa na mwisho wa daraja. Akamtupia Rehema padi.

Rehema akaanza. Ngoma zikaongezeka kasi, mabati yakaanza kulia, na mimi niliyekaa miguuni pake nikaona mishipa ya mikono yake imesimama. Alikuwa anakaribia pale Fidele alipofia. Hapo pazia la mlango likafunguka.

Alikuwa Papa. Lori lilikuwa limerudishwa kutoka mpakani Rusumo, amefika nyumbani, amekuta hatupo.

Wavulana waliosimama mlangoni wakampisha.

"Rehema," akasema Papa.

Dada hakugeuka. Angegeuka kidogo tu, shujaa angeanguka. "Subiri kwanza, Papa. Nakuomba."

Hakuna aliyewahi kumwambia Papa asubiri. Nilifumba macho. Nilisikia ngoma, nikasikia viatu vyake vikisogea hadi nyuma ya benchi, nikangoja kusikia kofi. Nikasikia chumba kizima kikilipuka: "Yewe! Amevuka!" Nilipofumbua macho, shujaa alikuwa ng'ambo ya daraja, Fidele ameshika kichwa, na Papa amesimama, mkono umeng'ang'ania ubao wa benchi.

"Umemaliza?" akauliza. "Twende."

Tulipofika mlangoni kwetu ndipo akamgeukia dada. "Yule adui wa mwisho. Ulijuaje kama anakuja?"

"Ngoma inakata kidogo kabla hajatokea, Papa. Nilisikiliza pale inapokata."

"Ni kweli," akasema Papa taratibu. "Hata vitani, kunanyamaza kwanza." Akaingia ndani. Adhabu tulipata, tuliosha masufuria mpaka yakang'aa. Lakini Papa hakutukataza tena kwenda kwa Mama Zuberi, na wasichana wa Biryogo waliendelea kucheza.

Leo Rehema anaishi Ndera, na mwanawe ana gemu ya aina hiyo hiyo, nzuri mara mia. Mtoto anavaa miwani mikubwa yenye skrini ndani na vifaa vya masikioni, anapiga hewa sebuleni kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Akishinda, anashinda peke yake. Sisi tulio kwenye kochi hatusikii hata ngoma moja. Juzi alivua miwani akitweta, akatangaza amevunja rekodi. Tukampongeza, naye akanijibu kwa heshima: "Asante, mama mdogo." Asante tu, basi. Rehema akaniangalia, akatabasamu, na wote wawili tukajua mtoto huyu hajawahi kusikia mabati yakilia kwa ajili yake.