Chupa Tulizotupa Alfajiri Ziwani Kivu

Kilichoniondoa Bukavu ni karatasi. Mkuu wetu, katika kituo kidogo cha uchunguzi wa ziwa nilikokuwa nikifanya kazi, alikuwa amepokea kutoka Ulaya furushi la karatasi ndefu zilizokunjwa kama vitambaa vya sokoni. Huko, kompyuta ilikuwa imelikata Ziwa Kivu katika vyumba vya mraba, ikahesabu upepo unayasukuma wapi maji ya kila chumba, na kila chumba kinampa jirani yake kiasi gani. Matokeo yalichorwa kwa mishale, mirefu pale maji yanapokimbia, mifupi pale yanapolala. Nilitumwa kisiwani Idjwi kutupa chupa majini, nione kama zitaifuata mishale hiyo. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana nalipwa mshahara kwa ajili ya ziwa na ninaogopa maji kuliko mtu yeyote wa kituo kile.

Kabla ya kuondoka nilizunguka mabaa ya mtaa wa Kadutu nikiomba chupa tupu. Tulizitia mchanga kidogo ili zisimame majini, tukaziziba kwa nta, tukazipaka shingo rangi nyeupe. Rangi hiyo ilipokwisha, zilizobaki tukazipaka nyekundu. Wenye baa waliamini kabisa kwamba nafungua biashara ya pombe, na mmoja aliniomba nisiifungue karibu na kwake.

Asubuhi ya safari nilipanda boti ya injini bandarini, nikakaa katikati, macho kwenye viatu vyangu. Dereva aliniita citoyen, yaani raia, kama tulivyoitana wote miaka ile, akanishauri nitazame mbali, kwenye vilima vya Idjwi, ili tumbo litulie. Nilitazama vilima. Muda si mrefu nikarudi kwenye viatu.

Kusini mwa Idjwi nilipokewa na Cirhuza, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole wa maneno machache. Tulikula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, vilivyopikwa na dada yake, Nabintu, aliyekuwa amerudi pale pamoja na watoto wake. Dada yake alipotoka, Cirhuza alinieleza kwa nini. Bisimwa, mume wa Nabintu, alikuwa ameondoka kabla jua halijachomoza, mtumbwi umejaa mananasi, akifuata ukingo wa kisiwa kwenda sokoni. Hakuonekana tena. Ndugu zake waliupekua ukingo wote wa Idjwi, hawakupata mtu wala nanasi. Basi wakaanza kusema amekimbilia Goma kwa mwanamke mwingine. Na kwa kuwa kwao alikuwa hai, walikataa kufanya matanga. Nabintu hakuwa mke tena, wala hakuwa mjane, na watoto wake waliitwa watoto wa mtoro.

Kesho yake alikuja Bahati, kaka mkubwa wa Bisimwa, kutazama hiyo karatasi ya ajabu. Nami kwa majivuno nikaikunjua juu ya mkeka. Akaniuliza maji yaliyo mbele ya gati lao yanasemaje. Mishale ya pale ilikuwa midogo kama nukta. Nikajibu kwamba pale maji ni matulivu.

Bahati alimgeukia shemeji yake. "Unaona, maman? Hata machine ya Wazungu inasema maji iko kimya. Ndugu yangu hakubebwa. Alienda mwenyewe."

Nabintu aliinuka akaenda jikoni. Niliona haya, na hasira pia, kwa sababu sikuwa nimesema uongo.

Jioni alinifuata pale nilipokuwa nikihesabu chupa. Aliniuliza nitazitupa saa ngapi. Nikamwambia saa sita mchana, kama nilivyoagizwa.

"Bwana yangu hakuendaka midi," akasema. "Papa, unitupie zingine saa ile yake."

Mchana uliofuata nilitupa zenye shingo nyeupe, kulingana na maagizo. Alfajiri ya siku ya pili yake tukaingia mtumbwini, Cirhuza akipiga kafi, Nabintu amekaa mbele, mimi katikati nikishika kingo zote mbili. Baridi ilikuwa kali. Tulipofika alipopenda kupita Bisimwa, niliziachia zenye shingo nyekundu, nikasikia upepo kisogoni, upepo mwembamba usiokatika, ukishuka kutoka vilimani. Chupa zilituacha. Hazikuyumba-yumba kama zile za mchana. Zilishika njia ya kwenda ziwani kati.

Hapo ndipo akili iliponirudia, hata hofu nikaisahau. Usiku vilima hupoa, hewa nzito ikateremka na kutoka kuelekea ziwani. Mchana nchi hupata joto, na hewa ya ziwani ikarudi. Wale wa Ulaya, ili kupunguza hesabu, waliipa kompyuta upepo mmoja tu kwa siku nzima, yaani wastani. Ukichanganya upepo wa kwenda na wa kurudi, hakibaki kitu. Kompyuta ilihesabu vizuri kabisa juu ya upepo ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia shingoni.

Siku zilizofuata tulizunguka kutafuta chupa, na hapo nikajua kosa letu sisi watu wa mjini. Nani kisiwani ataiacha chupa nzuri ufukweni? Nilizikuta mezani, zimejaa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kila nyumba ilitaka ninywe kwanza ndipo inieleze. Nyeupe nyingi ziliokotwa Idjwi yenyewe, karibu na gati. Nyekundu hakuna aliyeiona hata moja. Nabintu alikuwa akisikiliza kila jibu.

Mwishowe tukavuka hadi ng'ambo, upande wa Kabare, tukashuka kwenye kighuba chini ya njia inayopanda Mudaka. Mwenye nyumba ya kasiksi pale aliitwa Mugaruka, bwana mnene mwenye furaha. Shingo nyekundu zilikuwa zimepangwa mbele yake. Alidhani nimekuja kumnyang'anya, akanimiminia haraka. Nikamuuliza kazitoa wapi.

"Hapa chini tu. Kitu yote ziwa inatupaka, inafikaka hapa."

"Na mutu?" aliuliza Nabintu.

Mugaruka akaweka kibuyu chini. "Mutu mumoja, maman. Tulimuzika kwa chapelle. Tuliuliza kwa soko yetu, hakuna mwenye alimujua."

Aliingia ndani akatoka na kafi. Mpini wake ulikuwa umevunjika zamani na kufungwa kwa waya wa baiskeli. Nabintu aliweka kidole gumba juu ya waya.

"Ni hapa mimi nilishika," akasema, "yeye akafunga."

Nyuma ya kanisa palikuwa na msalaba wa mti usio na jina. Cirhuza alichonga jina kwa kisu cha Mugaruka, nasi tukakaa mpaka alipomaliza. Nililia bila kujificha, mimi ambaye sikumjua huyo mtu.

Nikarudi Bukavu na habari zangu. Mkuu aliniuliza kama basi hesabu ile ni ya uongo. Nikamwambia hapana, ila ziwani kila saa ina upepo wake, na watu wa Idjwi huondoka alfajiri. Tuwaombe Ulaya waipe kompyuta saa, si siku. Tangu hapo, nikipewa wastani wowote, nauliza kwanza umetengenezwa kwa kuchanganya nini na nini. Mkuu aliandika ombi hilo, na mimi nikaomba ruhusa ya kurudi kisiwani.

Matanga yalikuwa yameanza nilipofika. Watu walijaa uani, kafi imeegemezwa ukutani, watoto wa Bisimwa wamekaa mbele pamoja na baba zao wakubwa na wadogo. Bahati alikuja kunipokea mwenyewe, amekonda uso. Hakuniuliza habari za karatasi. Alinishika mkono akanipeleka mpaka mkekani, alipokuwa Nabintu, akasema mbele ya wote:

"Citoyen, umusalimie mujane wa ndugu yangu."

Nabintu alipolisikia neno hilo alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti kubwa, na wanawake wote wa ukoo wa mume wake wakamsogelea, wakalia pamoja naye.