Muziki Ulipompisha Marehemu Baba

Juma hili, katika studio ya video hapa Uvira, nilimkuta mama mmoja wa Makobola ameshika tama. Kwenye video ya harusi yake, muziki ulioongezwa studioni ulifunika maneno ya marehemu baba yake, na kaka zake wanadai mzee hakumbariki.

"Minye sitaki muziki, niko natafuta sauti ya baba," alisema.

"Tulia, mama, iko," fundi akajibu, akigeukia kompyuta yake. "Naambia ordinatere: kila mara muntu anasema, muziki ijishushe yenyewe."

Akabonyeza kitufe. Muziki ukashuka, mzee akasikika: "Mwanangu, enda na baraka yangu yote."

Mama akashusha pumzi ndefu, akacheka huku akifuta machozi. "Wakuje basi, wasikie!"

Nilitoka nikiwaza ni jirani zangu wangapi wa muziki wa kelele ningewafungia kitufe kile.