Chura Aliyechukua Masikio ya Babu

Nilipokuwa mtoto kule Hasamba, hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyethubutu kumgusa chura kiziwi. Ni chura mdogo, hazidi kidole gumba, rangi ya majani makavu. Pale ambapo vyura wengine wana kiduara cha sikio, yeye hana kitu. Bibi alituambia kwamba anatafuta masikio. Atakayemshika atanyang'anywa yake.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupita kila kona, alipita pia dada mmoja mtafiti, ambaye hakutaka kahawa. Alimtaka chura huyo. Alieleza kwamba ameonekana upande wa mashariki ya nchi na ng'ambo Zambia, lakini huku kwetu hakuna aliyejua kama yupo, wala anakozaliana. Babu, aliyependa wageni kuliko kazi, akampeleka nyuma ya zizi. Mvua za kwanza zilikuwa zimejaza nyayo za ng'ombe, na humo mlikuwa na mayai meusi yaliyopangana kama uzi wa shanga. Dada yule alichuchumaa kwa furaha mpaka gauni likaloa. Babu, asitake kupitwa, akamwokota chura mmoja akamweka kiganjani. Bibi aliona yote kutoka mlango wa jikoni.

Asubuhi yake Bibi alimwita Babu azibe paa la jikoni lililokuwa likivuja. Babu hakugeuka. Alipoguswa bega, alimtazama mkewe kwa huruma, akaonyesha masikio, akatikisa kichwa.

Majirani walikuja kumpa pole. Baba akaanza kuulizia usafiri wa kumpeleka hospitali Vwawa. Mimi nililia, maana Babu ndiye aliyenisikiliza nikisoma kwa sauti. Mwenyewe alikaa juani, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona, na sisi jikoni tukaendelea kukinga matone kwa sufuria.

Jioni moja Bibi alimpelekea uji, akaketi kando yake, akawa anaongea taratibu kama anayejisemea. Alisema nyumba imepooza tangu akose wa kubishana naye. Kisha, kwa sauti ileile, akasema waya wa redio ya Babu, iliyokuwa imekufa, haukuliwa na panya kama sote tulivyodhani.

"Niliukata mimi, kwa kisu cha mboga. Nilichoka na mpira wako."

"Kumbe ni wewe, mama Tusa," Babu akasema.

Bibi alisimama, akakung'uta kanga, akaenda kuwatangazia majirani kwamba chura amerudisha masikio ya watu. Babu alipanda paani kabla uji haujapoa.

Nilipokua nilimuuliza Bibi kama kweli alimwamini yule chura. Alisema tu kwamba waya ule, kwa kweli, uliliwa na panya.

Siku hizi najua chura yule hamdhuru mtu, ingawa mvua zikianza bado nampisha njia. Ninachokiwaza zaidi ni Babu, aliyefariki akiwa amemsamehe mkewe, tena kwa moyo wote, kosa ambalo hakulifanya. Bibi aliupokea msamaha ule miaka yote, akanyamaza. Nadhani waliishi vizuri.