Vifaranga vya Wifi

Sijui kama wivu una dawa. Mimi nimezeeka nao, na ulionishika vibaya kuliko wote ni wa samaki.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tumepakana ukuta hapa Tunduma. Mpwa wao huenda Mpulungu, upande wa Zambia kwenye Ziwa Tanganyika, kununua dagaa. Safari moja akaturudia na ndoo ya visamaki vidogo kama kidole cha mtoto, vinavyoishi ndani ya maganda ya konokono. Ganda likilala mchangani, samaki anaingia, ndiyo nyumba yake. Tukagawana, wifi nusu na mimi nusu. Fundi wa madirisha akatutengenezea matanki ya vioo. Langu lilivuja sebuleni mpaka kochi likaota ukungu, lakini tuyaache hayo.

Wa kwake wakazaa. Wangu hapana.

Ningevumilia kama angekuwa mtu wa usafi. Wifi huyu sufuria ya ugali anailoweka mpaka kesho. Tanki lake limeota utelezi wa kijani, kumwona samaki lazima uinamishe shingo kama kuku anayetafuta punje. Na humo humo vifaranga wanachungulia kwenye midomo ya maganda, macho tu! Jumapili watu wakitoka kanisani wanapita mlangoni kwangu, hata hodi hawapigi, wanakwenda kwake kushangaa. Mimi nawasikia ukutani: "Jamani, tazama kale!" Na yeye kicheko hicho.

"Wifi," akaniita siku moja juu ya ukuta, "hao wako ni samaki au ni mapambo?"

"Wangu wana adabu," nikamjibu. "Hawazai ovyo kama wako."

Nikaingia ndani. Nilitamani hata kifaranga kimoja, kimoja tu, ili nimfunge mdomo.

Mimi kwetu ni Isansa, kwenye kahawa. Mama hakunifundisha kusoma, na shule yenyewe niliigusa tu. Alinifundisha kusugua. Sufuria unaisugua kwa majivu nje na ndani, mgeni akiiona imeanikwa ajue humu ndani kuna mwanamke. Basi kila Jumamosi nilikuwa natoa maganda yote tankini, naweka kwenye beseni la majivu, nasugua na gunzi la mahindi mpaka yanang'aa. Nilisema, samaki wa kwenye nyumba chafu wanazaa, hawa wa nyumba safi watashindwaje?

Wifi akaja kuomba chumvi, akanikuta katikati ya kazi.

"Unafanya nini, wifi?"

"Naosha. Wengine hatulali na uchafu."

Akainama kwenye beseni. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kanga ikamfunguka. "Wifi yangu! Si humo ndimo wanamotagia! Kila wiki unawamwaga wajukuu!"

Nikatazama. Kwenye maji ya majivu kulikuwa na vitu vyeupe, vidogo kuliko punje ya ulezi. Niliviona siku zote. Nilidhani ni takataka.

"Chukua ganda moja la kwangu lenye watoto," akasema akijifuta machozi. "Nakupa bure."

"Sitaki."

"Usiwe hivyo."

"Nimesema sitaki. Chumvi hiyo hapo."

Nikaacha kusugua. Nawaambia, kuacha kulinitesa kuliko kufunga kula. Kioo kikapata ukungu, kikawa kijani, mikono ikaniwasha. Mpaka asubuhi moja nikaona kwenye mdomo wa ganda kitu kama uzi chenye macho. Kikarudi ndani. Kikatoka na wenzake. Nililia, mwanamke mzima, na kiini cha yai la kuchemsha mkononi, nakipukutisha wapate kula.

Jumapili nikasimama njiani mwenyewe, nikawaingiza watu wa kanisani wote sebuleni. Wifi naye akaja nyuma yao.

"Hee, wazuri!" akasema mama mmoja wa kwaya. "Kumbe wifi yako kakugawia mbegu!"

Nikamtazama wifi. Nilingoja aseme hapana. Alijua ukweli kuliko mtu yeyote.

Akainamia kioo changu, akatabasamu kwa upole.

"Aa, tunasaidiana tu," akasema.

Wote wakamgeukia wakaanza kumuuliza yeye wanakula nini.