Kofia ya baba yenye namba inayozunguka

Kofia ya baba yangu imepotea leo msikitini hapa Pongwe, baada ya sala ya Ijumaa.

Kuna mtu ameondoka nayo, akamwachia ya kwake ya maua.

Baba alikuwa karani wa mkonge. Sasa haoni. Kofia ile nimemshonea mwenyewe, kwa uzi uliotuna, tarakimu sita kuzunguka ukingo: 142857.

Mnaosoma tangazo hili hapa kwa muuza kahawa, shikeni penseli. Izidisheni mara mbili: 285714. Mara tatu, 428571. Tarakimu zilezile, zimezunguka tu! Mpaka mara sita, jibu limo kofiani. Baba huizungusha, akapapasa, akalisoma. Akifika mara saba zinatoka tisa tupu, basi hucheka kama mtoto, akaanza upya.

Ndiye aliyenifundisha hesabu, majirani wakiuliza mtoto wa kike za nini. Duka langu limetokana na hesabu zile.

Leo karudi, kapapasa ukingo, kazungusha. Kisha:

"Mwanangu, mbona hainijibu?"

Nikatoka mbio. Nikamvua kofia bwana mmoja njiani, nikaigeuza. Tarakimu hamna.

"Bibi we, unanunua au unaninyoa?"

Chekeni tu. Hata mimi nilicheka, kwa aibu.

Nawe uliyeichukua, baba kasema nisikugombeze, huenda umenogewa na kuzidisha. Haya, sigombi. Ya kwako nimeifua, iko dukani.

Ila nijibu, ndiyo au hapana: unaileta? Nangoja mpaka adhana ya alasiri kesho.