Fatiha ya Meneja

Nyumba ya mjomba wangu, mtaani Kuze, ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na nje ya mlango huo, kulia na kushoto, palikuwa na baraza za mawe ambazo kila siku baada ya sala ya alasiri zilijaa wapenzi wa mpira. Nilipokuwa mdogo niliona fahari. Mwaka niliorudi kutoka Bombay, baada ya vita, niliona kifungo.

Nilikuwa nimeiacha tasnifu yangu ya shahada ya pili katikati. Sababu naieleza kwa ufupi, maana hata leo siwezi kuieleza kwa urefu: mtaa niliopanga ulivamiwa na umati, nami nilikuwa chumbani ghorofani nikisikia sauti nyingi zikigeuka kuwa sauti moja. Sikuumizwa. Lakini tangu siku ile, watu wakipaza sauti kwa pamoja, hata kwa furaha, mikono yangu huingia ganzi na kifua hukosa nafasi. Nilirudi nyumbani nikitaka jambo moja tu, nalo ni kutoingia tena katika umati. Sikumwambia mtu.

Kwa hiyo nilizoea kusimama dakani, kile chumba chembamba nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo, nikisubiri baraza itulie ili nipite kwa salamu moja. Watu wa mpira hawatulii. Mara nyingi nilikwisha kuipanga salamu, na majibu ya maswali ambayo huenda yangefuata, na majibu ya maswali yatakayozaliwa na majibu hayo, nikarudi juu.

Siku ninayoikumbuka walikuwa wakitafuta meneja mpya wa timu ya mtaa. Wa zamani alikuwa ameoa Tanga na kuhamia huko.

"Hakuoa, kaolewa," alisema fundi cherehani, ambaye ndiye aliyezishona jezi na kwa sababu hiyo alijiona ana hisa katika kila goli. "Mume huleta mke. Yeye kafuata."

"Mwache mwenzio," mjomba alisema. "Twataka meneja, hatutaki habari za Tanga."

Fundi alimtaka jirani yake, aliyekuwa golikipa zamani. Karani wa gati la Mbaraki, Mkristo kutoka bara ambaye alituletea nusu ya wachezaji wetu, hakumtaka kabisa.

"Fundi, mtu huyo alimpiga refa."

"Si refa. Alimpiga mshika kibendera."

"Na hilo ndilo la kumsifia?"

"Nasema tu ukweli ukae mahali pake."

Karani naye akamtaja msimamizi mmoja wa kule gatini. Fundi akacheka. "Huyo bwana wako yuwajua mpira? Juzi kauliza kwa nini golikipa hakimbii na wenzake."

"Aliuliza kwa mzaha."

"Basi na tumchague kwa mzaha."

Nyuma ya ubao wa mlango nililipima jambo hilo kama nilivyozoea kupima hoja za tasnifu. Akichaguliwa golikipa, vijana wa gatini hawatakuja kucheza. Akichaguliwa msimamizi, Kuze watabaki majumbani. Alihitajika mtu asiye na upande, ikiwezekana mtu aliyekuwa mbali ugomvi ulipoanza. Nilifika hadi hapo, na kwa namna nisiyoweza kuieleza, sikwenda hatua moja mbele.

Mjomba akasema neno kwa sauti ya chini. Kisha pakawa kimya. Sikuwahi kukisikia kimya pale barazani, nikaona ndio wasaa wangu. Nikavuta komeo, nikatoka.

Wote walikuwa wameinua viganja. Mjomba alikuwa akisoma Fatiha, na karani, kwa adabu yake ya siku zote, alikuwa amevua kofia na kuipakata. Kwetu ukikuta Fatiha inasomwa huulizi ni ya nini. Kuna maiti, au mgonjwa, au msafiri. Unainua mikono na kuungana na wenzako. Nikadhani amefariki mtu wa mtaani. Nikainua viganja, nikaitikia amin, nikajipangusa uso kwa huzuni niliyoiona yafaa.

"Alhamdulillahi," fundi alisema. "Kakubali."

"Nani kafa?" niliuliza.

"Hakufa mtu, mwanangu," mjomba akajibu. "Tumekuchagua wewe uwe meneja. Tumelisomea Fatiha, nawe umeitikia."

Kwetu pia Fatiha ndiyo hufunga jambo: posa, ushirika wa duka, masikizano baada ya ugomvi. Aliyeitikia amekubali, na kurudi nyuma ni aibu ya nyumba nzima. Haya niliyajua tangu utotoni.

"Mjomba, mtu hawezi kuitikia asilolijua. Sharti nia iwepo."

"Hoja nzuri. Utawaeleza hivyo vijana wa gatini."

"Msikizeni anavyobishana," fundi alisema. "Refa atakoma mwaka huu."

Sababu yangu ya kweli ilikuwa moja, na haikuwa ya kusemeka barazani: kwamba nawaogopa watu wakishangilia.

Mechi ya kwanza ilichezwa Jumamosi. Nilisimama pembeni ya uwanja, ndoo ya maji miguuni, na umati ukinibana mgongoni. Goli lilipoingia sauti zikawa moja. Nilifumba macho na kuishika ndoo kwa mikono miwili. Sikujua nani amefunga hadi nilipowaona wachezaji wetu wameinamisha vichwa.

Kesho yake, alasiri, nilisimama tena dakani.

"Meneja gani hatazami mpira?" fundi alikuwa akisema. "Goli laingia, yeye kafumba macho."

"Labda alikuwa akiomba," karani alisema.

"Aombe macho wazi. Nasema tutafute mwingine."

Sijapata kumpenda fundi yule kama dakika ile. Nilimwombea maneno makali zaidi.

"Fatiha twaisoma kufunga," mjomba alisema. "Ya kufungua mimi siijui. Wewe waijua?"

"Siijui," fundi alisema.

"Basi ni yeye mpaka msimu wishe."

Pakawa kimya tena, na safari hii sikuligusa komeo.

"Meneja," fundi aliita, bila ukali wowote. "Njoo ukae. Miguu yako twaiona, kila siku twaiona."

Nikatazama chini. Ubao wa mlango ulikuwa umeliwa na mchwa kwa chini, na mwanga wa nje ulikuwa umelala juu ya makubadhi yangu. Nikaelewa kwamba hata siku ya Fatiha walijua nimesimama wapi, na kimya kile kilisubiri nini.

Nilifungua. Walikuwa wameshajisogeza. Nafasi waliyoniachia ilikuwa katikati, baina ya fundi na karani, na nilipoketi mabega yetu yaligusana pande zote mbili.